Kizibao cha Ngozi na Chuma

Ndengele, Ziwani
9 Machi 1953

Baba yangu Florian,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Tulifika nyumbani Jumamosi. Njia ilituchukua siku tatu kwa sababu mjomba Tadei alikataa kunikimbiza. Kingerikiti tulilala kwa katekista. Mke wake aliomba akiguse kizibao ulichonishonea, akagonga kifuani kwa kidole kama mtu anayebisha hodi, akacheka. Halafu akaona haya, akanipa ndizi tatu.

Mama alinizunguka mara mbili kabla hajanikumbatia. Miezi minne yote niliyolazwa huko kwenu alikuwa akiwaambia watu kwamba nitarudi nimenyooka. Akauliza, "Mbona bega hili bado liko juu?" Nikamweleza maneno yako, yale ya siku niliyolia karakanani nikakataa kuvaa. Nikamwambia, Fundi Florian amesema chuma hufanya kazi polepole, na mgongo wangu bado mbichi. Nikivaa mchana na usiku bila kukosa hata siku moja, Pasaka ya mwaka kesho nitasimama wima kama mkaratusi wa mbele ya kanisa lenu. Mama akasema, "Basi tutahesabu siku." Kila asubuhi anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango.

Mikanda yote mitatu iko kwenye tundu la tatu, pale ulipotia alama kwa wino. Nafungua asubuhi tu, nusu saa, nioge. Siwezi kuinama kabisa. Kitu kikianguka nakiokota kwa vidole vya mguu, na sasa nimekuwa hodari, naweza kuokota hata sindano. Shuleni wananiita Kobe. Mwalimu Cuthbert amekataza, kwa hiyo wananiita nje.

Shida ni joto. Huko kwenu kizibao kilikuwa kama blanketi. Huku ngozi inalowa jasho, ikikauka inakuwa kama ubao, halafu inalowa tena. Nifanyeje?

Mama anakusalimu. Ana mimba, atajifungua mwisho wa mwaka. Baba bado yuko kwenye mkonge Tanga, hajaandika.

Mimi mwanao,
Hedwiga

*

Karakana ya Misheni, Umatengo
2 Aprili 1953

Binti yangu Hedwiga,

Milele, amina. Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenikuta na kiatu cha padre mdomoni, maana nilikuwa nimeng'ata uzi wake. Nikaitupa kazi nikasoma kwanza. Nimeshona viatu na matandiko ya nyumbu hapa kwa miaka ishirini na sita, na nyumbu hajawahi kuniandikia barua.

Habari ya joto imenitia mawazo. Mimi ni mtu wa Mpepai, huku milimani. Sijawahi kushuka ziwani hata mara moja, na nilipokata ile ngozi nilifikiria baridi yetu ya hapa. Fanya hivi. Ndani vaa fulana ya pamba, uigeuze ili mishono itazame nje. Ifue kila siku. Kizibao kipanguse kwa kitambaa kikavu, usikipake mafuta ya aina yoyote. Bitana ikichoka, nitakuletea sufi mpya uijaze mwenyewe, nilikuonyesha namna.

Ukioga, mwambie mama atazame mwili wako. Pakiwa pekundu na wekundu ukaisha upesi, si kitu. Usipoisha, usivae, uje.

Julai ni lazima uletwe. Utakuwa umekua, na zile fito mbili za chuma za mgongoni itabidi nizisogeze. Kabla ya hapo usipite tundu la tatu.

Umenikumbusha habari ya Pasaka. Maneno yangu ni yale yale. Vumilia tu.

Sista Kunigunda wa wodini anakusalimu sana.

Ni mimi,
Florian, fundi ngozi

*

Ndengele
21 Juni 1953

Baba yangu Florian,

Shikamoo. Nina habari njema, nakaa vibaya kwenye dawati kwa haraka ya kukuandikia.

Mwalimu Cuthbert alinisimamisha ukutani siku niliyorudi shuleni, akaweka alama ya chaki juu ya kichwa changu. Jana akanisimamisha tena. Nimepita ile alama kwa vidole viwili! Nililia mbele ya darasa zima. Mama alipoambiwa alienda mwenyewe shuleni kuutazama ukuta.

Na kuna jambo jingine. Januari wanakuja masista wa shule ya bweni kuchagua wasichana wa darasa la nne. Mwalimu anasema kwa hesabu na mwandiko hakuna wa kunishinda. Lakini hawachukui mwenye kilema, kwa kuwa huko wasichana wanalima na kubeba maji. Nikamuuliza, "Je, kama nimenyooka kiasi, bado kidogo tu?" Akasema, "Wakikuona umesimama vizuri, nitakusemea."

Basi nikafikiri. Kama tundu la tatu limenipa vidole viwili, la nne litanipa vingapi? Nimekaza. Mama alivuta mkanda, mimi nikashika nguzo. Siku mbili za kwanza nilikuwa nakula kidogo kidogo, sasa nimezoea.

Julai sitaweza kuja. Mjomba Tadei amekwenda ng'ambo ya ziwa, mama hawezi kupanda milima akiwa hivyo, na huu ni wakati wa usipa. Samaki hao wadogo hawamsubiri mtu, wakitoka ni kuanika kutwa. Tutakuja mama akishajifungua.

Hedwiga wako,
anayerefuka

*

Karakana ya Misheni
19 Julai 1953

Binti yangu,

Vidole viwili! Nimewasomea barua yako mafundi wote wa karakana, hata seremala, ambaye hapendi kusikia sifa za kazi isiyo yake. Kisha nikampelekea Sista Kunigunda. Anakusalimu, na anasema ni lazima uje upimwe na Bwana Daktari haraka iwezekanavyo.

Habari ya tundu la nne. Ningependa ungeniuliza kwanza. Lakini kama halikuumi na unapumua vizuri, basi sawa, liache. Usizidishe hapo.

Mwambie mama yako aendelee kutazama mwili wako. Nijibu hilo waziwazi: ngozi ya mgongoni iko salama?

Nakuombea upate hiyo shule. Siku hiyo nitakushonea viatu.

Florian

*

Ndengele
13 Septemba 1953

Baba Florian,

Shikamoo. Salama.

Ngozi iko salama. Mama hatazami tena kwa sababu tumbo limekuwa kubwa na anachoka kusimama, lakini naoga mwenyewe, najiona.

Naomba uniletee sufi. Bitana ya upande wa kulia, pale mgongo ulipochomoza, imelowa na haikauki. Nimetoa sufi ya zamani nikaizika, nimeweka matambara. Naomba sufi nyingi kidogo.

Nyumba yetu inanuka sana siku hizi, ni usipa. Tumeanika mpaka juu ya paa. Watu wakikaa karibu nami wanasogea.

Niko tundu la tano. Usinikasirikie. Bado miezi minne tu masista waje.

Samahani kwa mwandiko, mkono wa kulia unakufa ganzi.

Hedwiga

*

Karakana ya Misheni
8 Oktoba 1953

Binti yangu Hedwiga,

Katekista anayeshuka huko anakuletea sufi, mfuko mzima, nimeichambua mwenyewe mbegu zote. Jasho la ziwani ni baya kweli. Jaza vizuri, isiwe na vinundu.

Rudisha tundu la nne. Hii si kazi ya kushindana na tarehe.

Njoo mara tu mama atakapoweza. Nasema tena, njoo.

Kazi ni nyingi, nimeandika kwa kifupi.

Florian

*

Ndengele
5 Novemba 1953

Kwa Fundi Florian, Misheni.

Anayeandika ni Mwalimu Cuthbert. Anayesema ni Avelina, mama yake Hedwiga. Nimemwambia mwalimu aandike kama ninavyosema, asitengeneze.

Nimejifungua mtoto wa kiume siku kumi na mbili zilizopita. Ndiyo sababu mimi siko njiani, iko barua hii.

Jumatatu hii, siku ya Marehemu Wote, tulikuwa makaburini. Hedwiga alisimama nyuma na wenzake. Akaanguka. Mtu akizimia hukunjika, magoti yanamtangulia. Mwanangu alianguka wima, kama ubao uliosukumwa, kwa sababu chuma chako hakikumruhusu kukunjika. Paji la uso likapiga jiwe.

Tukambeba nyumbani, mwili unawaka. Nikataka kufungua. Akazinduka, akashika mikanda kwa mikono miwili, akasema, "Mama, usifungue, zimebaki siku mia na sitini na saba." Nguvu za kunizuia alizitoa wapi sijui. Shangazi yake alimshika mikono, mimi nikakata mikanda kwa kisu cha samaki.

Bitana ilitoka na ngozi ya mwanangu. Upande wa kulia, kwenye nundu, pana donda ndugu, kiganja changu hakilifuniki. Ndani nimeona mfupa. Kando ya donda hilo pana jingine dogo, chini ya kwapa. Sufi yako imo humo ndani, imegandamana. Mengine sitayasema mbele ya mwalimu.

Kaka yangu Tadei na wanaume watatu wamemchukua leo asubuhi kwa machela. Barua hii anakuja nayo kijana wa katekista, anatembea upesi kuliko wao. Mwambie Sista aandae kitanda na dawa.

Nilinusa, Fundi. Mwezi mzima nilinusa, nikasema ni samaki. Hilo nalibeba mimi. Lakini yeye alikuwa akikuandikia wewe, hakuwa akiniambia mimi. Nakuuliza: wewe uliyetengeneza, ulikuwa unajua nini?

Avelina

*

Misheni, Umatengo
11 Desemba 1953

Mama Avelina,

Ninakusalimu kwa unyonge. Hongera kwa mtoto.

Hedwiga yu hai. Nimesubiri niwe na hakika kabla ya kuandika neno hilo. Walifika jioni ya siku ya nne. Mvua iliwakuta mlimani, wakamfunika kwa makoti yao wenyewe. Bwana Daktari alimkata nyama iliyooza, akakwangua mfupa wa mbavu mbili. Sindano za penisilini alipigwa kila baada ya saa chache. Kwa siku tisa hakumjua mtu. Siku ya kumi aliomba uji. Sasa anakula, analala kifudifudi, donda limeanza kuwa jekundu safi badala ya kijani. Sista Kunigunda anasema litachukua miezi mingi kufumba.

Umeniuliza nilikuwa ninajua nini. Nimeanza barua hii mara nne.

Januari iliyopita, kabla sijakata ngozi, Bwana Daktari aliniita pamoja na Sista. Akasema, "Kizibao hiki hakinyooshi. Kazi yake ni kuzuia mgongo usiendelee kupinda mpaka mtoto amalize kukua. Mwambie hivyo akiuliza." Nilisikia na nilielewa. Siku ya kumvalisha, mwanao alilia na kujiangusha chini karakanani. Sista alishindwa, akatoka nje. Nikabaki naye peke yangu, nikatafuta neno la kumnyamazisha. Likaja lile la Pasaka na mkaratusi. Alinyamaza hapo hapo, akainua mikono juu nimvalishe.

Ningeweza kuliondoa neno hilo siku iliyofuata. Ningeweza kuliondoa kwa barua. Sikuliondoa, na sababu si huruma peke yake. Maisha yangu yote watu wananiletea viatu vilivyotoboka. Huyu mtoto alinitazama kama mtu anayeweza kuunyoosha mfupa. Nilipenda kutazamwa hivyo.

Alipoandika vidole viwili, Sista aliniambia, "Florian, watoto wa umri huo hurefuka, hata mgongo ukiwa unapinda." Nilimsikia. Sikukuandikia wewe wala yeye. Alipoandika bitana haikauki, mkono wangu ulijua, maana nimetibu migongo ya nyumbu iliyoliwa na tandiko. Nikaandika "jasho".

Hataki kuniona. Sista amemweleza ukweli wote, kwa kuwa nilimwomba aseme, nikaogopa kusema mimi.

Florian

*

Ndengele
10 Januari 1954

Fundi,

Mwalimu amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya pili nilimwambia asome polepole.

Sikusamehe. Labda siku nyingine, si leo. Padre amenipa habari za kusamehe, nikamwambia aende kwanza akautazame mgongo wa mwanangu.

Umefanya vibaya kumtuma Sista. Neno la uongo ulilitia wewe mwenyewe kwa mdomo wako. La kweli nalo ulipaswa kulisema wewe.

Masista wa bweni wamekuja juzi. Wamechukua wasichana wawili, habari ya Hedwiga hawakuuliza. Sijui kama utamwambia au la. Ukimwambia, mwambie lilivyo.

Mtoto mchanga anaitwa Xaveri. Ana kikohozi, ndiyo sababu siji.

Avelina

*

Wodi ya wanawake
2 Februari 1954

Fundi Florian,

Sista anasema kila siku saa ya chai unakuja mpaka mlangoni, halafu unarudi karakanani. Usije. Nikitaka kukuona nitasema.

Nina maswali. Nakuandikia ingawa toka hapa mpaka kwako ni hatua mia mbili, kwa sababu ukiwa mbele yangu utautazama kwanza uso wangu, ndipo utajibu.

Sista aliniambia kwamba kizibao kilikuwa cha kuzuia tu. Nataka kujua, kama ningekaa kwenye tundu la tatu, nikaja Julai ukasogeza fito, leo ningekuwaje? Sista alisema, "Usifikirie hayo." Nayafikiria kila wanaponifungua bandeji.

Tena, mgongo wangu sasa umepinda kiasi gani? Nasikia tu mikono yao wakinipima. Nikiuliza wanasema, "Pumzika."

Tena, shule. Mama hajasema kitu juu ya wale masista, na mama si mtu wa kusahau.

Na la mwisho, nitaishi miaka mingapi? Mwanamke wa kitanda cha pili, Theodosia, ambaye mguu wake umekatwa, alimsikia Daktari akisema mapafu. Alisema mapafu yangu, au ya mtu mwingine?

Kama hujui jibu, andika "sijui".

Hedwiga Placidi

*

Karakana
5 Februari 1954

Hedwiga,

Nimechukua siku tatu kwa sababu mengine nilikuwa sijui. Nilikwenda kwa Bwana Daktari nikamsomea barua yako. Akajibu yote, nami nikaandika mbele yake nisije nikakosea.

La kwanza. Kama ungekaa tundu la tatu na kuja Julai, leo ungekuwa kama ulivyotoka hapa mwezi Machi. Bega moja juu, nundu ndogo ambayo nguo ingeificha, mwili mzima usio na donda. Ungevaa mpaka miaka kumi na sita, na ungebaki hivyo maisha yako yote. Hilo ndilo nililokunyang'anya.

La pili. Umepinda zaidi ya mwaka jana. Daktari alipokupima mara ya kwanza aliandika digrii thelathini na nane. Sasa ni hamsini na tano. Kukaza kwako hakukuunyoosha hata kidogo. Kizibao kilikuwa kimekuwa kifupi kwako, chuma kikawa kinasukuma mahali pasipo pake. Na tangu Novemba hujavaa kitu. Kovu halitaweza kuguswa na ngozi wala chuma kwa mwaka mmoja, pengine zaidi. Katika muda huo utaendelea kukua, na mgongo utaendelea kupinda. Daktari hana la kufanya juu ya hilo. Nilimuuliza mara mbili.

La tatu. Masista walikuja mwanzoni mwa Januari. Walichukua wasichana wawili. Wewe hukuwepo, na mama yako anasema hawakuuliza.

La nne. Alisema mapafu yako. Pafu la kulia limebanwa na mbavu. Utachoka upesi kuliko wengine, na kikohozi cha baridi kwako ni hatari, usikae nacho nyumbani. Kuzaa kutakuwa kwa hatari pia, siku hiyo ikifika ni lazima uwe karibu na daktari. Miaka mingapi? Alisema, "Sijui. Wako wanaozeeka, wako wasiozeeka." Nami sijui.

Nilitaka kuandika neno la mwisho la kukupa moyo. Nimeliandika, nimelikata. Utaona pale lilipokatwa.

Florian

*

Wodi ya wanawake
20 Aprili 1954

Mama yangu Avelina,

Shikamoo. Msalimu mdogo wangu Xaveri, nafurahi kikohozi kimepona. Nilimwona siku chache tu, sasa nambeba kichwani.

Barua hii atakusomea Mwalimu Cuthbert. Mwalimu, shikamoo. Nakuomba usome kama nilivyoandika, usiongeze neno la kufariji. Mama atajua ukiongeza.

Sista amesema mwezi wa Juni, njia ikikauka, nitarudi. Donda limefumba, limebaki pahali padogo kama punje ya hindi panapotoa maji. Natembea mpaka kanisani na kurudi, katikati napumzika mara moja kwenye kizingiti cha karakana.

Ndiyo, karakana ya Fundi Florian. Wiki ya tatu ya Kwaresima nilikwenda mwenyewe. Aliponiona aliinuka, kiti kikaanguka. Sikumwamkia. Nikamwambia, "Sijaja kwa sababu nimesahau." Akasema, "Najua." Akakiinua, nikakaa mimi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na hapakuwa na kiti kingine. Yeye akakaa chini. Akaendelea kushona kiatu, akakosea mshono, akafumua.

Tangu hapo nakwenda siku nyingine. Ananionyesha namna ya kukata ngozi. Mama, mimi shambani sitafaa kitu, hilo tulijue mapema. Maji sitabeba, mtwangio sitauinua mpaka juu. Lakini naweza kukaa na kushona, na mkono wa kulia umerudi, hauna ganzi. Juzi nimeshona kiatu kizima cha mtoto. Fundi alikigeuza, akakivuta, akasema, "Kisigino kimekaa upande." Kilikuwa kimekaa upande kweli. Nikafumua. Sijui kama ninampenda tena kama zamani. Nadhani hapana. Lakini sasa akisema kitu naweza kukiegemea.

Daktari anasema mwakani, kovu likikubali, nitengenezewe kizibao kingine, si cha kunyoosha, cha kuzuia kidogo kilichobaki. Nimekubali. Nimemwambia Fundi atakikata yeye na mimi nitashona, na nitashona bila kuambiwa kitakachotokea baadaye.

Sasa nisikilize, Mama, kwa kuwa nakujua. Ukisikia siku ya kurudi kwangu utawaita watu. Utafagia uwanja, utamwita shangazi, utawaambia majirani Hedwiga anakuja, amepona. Nakuomba usiseme hivyo. Bega la kulia limepanda mpaka karibu na sikio. Nikitembea navuta pumzi kwa sauti, utanisikia kabla hujaniona. Gauni la kitenge uliloniwekea halitanikaa, usilitoe kabatini. Watoto watacheka, na safari hii Mwalimu asiwakataze, watachoka wenyewe.

Nilipotoka hapa mara ya kwanza ulinizunguka ukatafuta mahali nilipokuwa nimenyooka. Usinizunguke. Njoo mbele, unishike mkono wa kushoto, wa kulia unavuta kovu, twende ndani.

Na watu wakikuuliza njiani, usiwaambie nimepona. Waambie nimerudi.

Mwanao,
Hedwiga